Nilikwenda Kujifunza Halua, Nikasomea Kisima

Vijana, nianze kwa kukanusha uvumi: mimi sikwenda pwani kupumzika. Najua mnachoambiana pale kijiweni. "Yule mzee wa halua amekula maisha bwana, alihamia baharini na familia nzima, akiamka anaogelea." Aisee! Mpaka leo sijui kuogelea. Mimi ni mtu wa Kibosho. Maji ninayoyajua ni ya mfereji, yanakuishia kwenye goti, na kwa baridi yake huingii mpaka usukumwe. Siku nilipoiona bahari kwa mara ya kwanza nilikuwa baba wa mtoto, na nilichomwambia mke wangu ni hiki: "Mama Aneti, hawa mfereji wao wameuachia sana."

Sasa nimeweka mwiko chini. Bega limegoma, na jiko la Moshi mjini analo binti yangu Aneti. Anapikia gesi, anakoroga kwa mota, anafungasha kwenye vikopo vya plastiki, na wateja wanaagiza kwa simu. Nilinuna weee, halafu nikala ile halua yake nikaacha kununa. Lakini ninyi mnaokuja kumwomba kazi mnaniudhi kwa swali moja: "Babu, siri ni nini?" Siri! Sukari, wanga, samli, maji, iliki na zafarani, hivyo vyote vipo sokoni, hakuna aliyevificha. Kazi ni mkono. Na huo mkono nilivyoupata ni kichekesho, kaeni niwasimulie.

Kabla ya hapo nilikuwa mpishi wa mlimani. Nilipika uji na mtori kule juu ambako maji yanachemka upesi lakini hayaivishi kitu, unachemsha maharage leo na kesho bado yanagonga bati. Kazi ilikuwa nzuri mpaka goti la kulia likakataa kushuka. Kupanda linapanda, kushuka halitaki. Mpishi wa mlimani asiyeweza kushuka ni mzigo, na mimi nilishabebwa na wapagazi mara moja, sikutaka mara ya pili, maana walinicheka njia nzima.

Na nyumbani Aneti alikuwa na kifua. Tulikaa Kibosho ya juu kabisa, karibu na msitu, ukungu unaingia mpaka uvunguni mwa kitanda. Mtoto anakohoa, anabana, mama yake hatulii. Daktari akasema mpelekeni kwenye joto. Mama Aneti akasema joto hata Moshi mjini lipo. Ni kweli, lipo. Lakini mimi nilikuwa nimeonja halua.

Nilionjeshwa na mama mmoja wa Majengo, siku ya Idi. Alinipa kipande kwenye kisosi, na mimi mpishi mzima, niliyejiona najua kila kitu kinachokorogwa, nikashindwa kujua imepikwaje. Nikamuuliza inatoka wapi. Akasema kwao, kijiji kimoja cha pwani, ukishapita Pangani unauliza kwa Fundi Makame. Usiku ule sikulala vizuri. Nikamwambia mke wangu tunahamia pwani.

"Kufanya nini?"

"Kujifunza kupika halua."

Mama Aneti alinitazama, akaniuliza polepole kama goti limepanda kichwani.

Baba yangu ndiye alinimaliza. Baba alikuwa mzee wa maneno machache na koti refu, koti ambalo hakulivua mvua wala jua. Alisema, "Watu wa kwetu wakienda huko wanafungua duka. Wewe unakwenda kukoroga?" Kisha akaingia kwenye kihamba chake kupunguza migomba, mazungumzo yakaisha. Basi nikaondoka na neno hilo kifuani. Nilijua nikirudi mikono mitupu, mlimani sirudi tena kwa sababu ya goti, na kwa Baba sitakuwa na uso.

Kijiji tulichofikia kilikuwa kimya jamani. Hata jogoo wa kule anawika kwa adabu. Watu wanatembea taratibu, wanasalimiana mpaka wanamaliza, wanauliza habari za mama, za mtoto, za kuku, na ukijibu wanaanza upya. Kifua cha Aneti kilifunguka ndani ya wiki. Kwa hilo tu nilimshukuru Mungu.

Asubuhi ya kwanza, kabla hatujafungua hata mizigo, dirisha likagongwa. "Mangi, una kiberiti?"

Nikasema, "Mama, mimi si Mangi. Kwetu Mangi ni chifu."

"Haya chifu, una kiberiti?"

Ninyi mnajua jinsi ilivyo. Ukitoka huku mlimani ukaenda mji wowote, wewe ni Mangi, na Mangi ana duka. Nikatoa kiberiti cha jikoni kwetu. Kidogo tena, gonga gonga: "Mangi, nusu ya sukari." Nikawaeleza wote, mmoja mmoja, kwamba nimekuja kujifunza ufundi. Walinisikiliza kwa heshima, wakatikisa kichwa, halafu wakauliza na mafuta ya taa yatakuja lini. Wiki ya pili Mama Aneti alisogeza meza dirishani. Wiki ya tatu kulikuwa na sabuni, chumvi na betri. Watu wanasema tulifungua duka pwani. Si kweli. Lile duka ndilo lilitufungua sisi.

Kosa jingine nililifanya kwa tumbo. Kule ukipita watu wanakula, wanasema "Karibu!" Kwetu ukiambiwa karibu chakula unanawa mikono, na usiponawa umemdharau mwenye nyumba. Mimi nikawa nanawa. Nikienda kwa Fundi asubuhi napita nyumba nne, zote karibu, zote nanawa. Nikifika kazini siwezi kuinama. Watu wa watu hawakusema neno, walinisogezea sahani. Bi Riziki, mke wa Fundi Makame, ndiye alinivuta pembeni siku moja akaniambia kwa upole, "Baba Aneti, ukiambiwa karibu, waweza pia kujibu 'starehe' ukapita zako." Nikauliza, "Na wao hawatakasirika?" Akasema, "Baba, watafurahi sana." Nilitamani ardhi ipasuke.

Halafu kahawa. Halua ya kule haiendi bila kahawa chungu kwenye vikombe vidogo. Siku ya kwanza nimekaa barazani, nikapewa, nikapiga funda, nikatema kwenye mchanga. Wazee wakauliza kwetu ni wapi. Nikasema Kibosho. "Kibosho si ndiko inakotoka kahawa?" Nikasema ndiyo, baba yangu ana mikahawa tangu sijazaliwa. "Na hamuinywi?" Nikasema tunaiuza, sisi tunakunywa chai. Mzee mmoja alicheka mpaka kofia ikaanguka, na tangu siku hiyo kila nikipita ananiinulia kikombe.

Sasa Fundi Makame mwenyewe. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye mikono mirefu kuliko ilivyompasa, na sauti ndogo ambayo hakuwahi kuipandisha ila karibu na sufuria. Nilimpa shikamoo, nikamweleza shida yangu. Akasema, "Marahaba. Karibu. Shika mwiko." Nikajiona nimepokelewa. Nikasema moyoni, mbona rahisi.

Sufuria ya halua ni ya shaba, pana, mtoto anaweza kuogea. Unachemsha sukari na maji, unamimina wanga uliokorogwa, na kuanzia hapo mwiko hausimami. Sikilizeni hapa, hii ni kazi: mwiko unatoka chini, unakwangua kitako, unazunguka ukingo, unarudi kati. Ukisimama upige chafya, chini imeshika, na ikishika harufu ya kuungua haitoki hata uitie zafarani ya dunia nzima.

Mimi nilianza kwa kuponda. Ni mazoea. Mtori unaupondaponda mpaka ndizi na nyama vinakuwa kitu kimoja, na mkono wangu haukujua njia nyingine. Fundi aliruka. "Alaa! Unaipiga ya nini? Imekukosea nini?" Nikasema nailainisha. "Halua hailainishwi kwa kipigo, yakhe. Ibembeleze." Siku nyingine nikatia samli yote kwa mkupuo mmoja ili kuokoa muda. Samli ikaelea juu, halua ikazama chini, vikawa havisalimiani tena. Samli inatiwa kidogo kidogo, inanywewa, ndipo unaongeza. Siku hiyo watoto wa kijiji kizima walikula bure na hawakuipenda.

Na mke wangu naye alichangia. Ule wanga ulikuwa unalowekwa usiku kwenye mapipa chumba cha uani, unatuama, asubuhi unamwaga maji yake. Sasa jioni moja Mama Aneti kaja kunichukua, akamsikia Fundi akisema ndani, "Baba Aneti, leo tulaze wanga vizuri, usiku wanahitaji utulivu." Alikosea kusema au mke wangu alisikia vibaya, hatukujua. Mama Aneti ni mtu wa kanisani, na neno wanga kwake lina maana moja tu, wale wanaoruka usiku na ungo. Kesho yake nakuta mapipa yana maji juu kuliko tulivyoyaacha. Fundi anashangaa. Nyumbani, chupa ya maji ya baraka tuliyotoka nayo parokiani Kibosho ni tupu. Nilimwambia Fundi paa linavuja. Halua ya siku ile ilitoka laini ajabu, na mke wangu akikumbushwa anasema unaona sasa.

Nimechekesha vya kutosha, niwaambie kilichonikondesha. Fundi Makame alinifundisha kila kitu isipokuwa kimoja, kuipua. Halua ina wakati wake wa kutoka motoni. Ukiwahi ni uji, haukatiki kwa kisu wala haukai sahanini. Ukichelewa ni kamba, wazee wanaacha meno humo. Wakati wenyewe ni mfupi mno, na hauna saa. Na kila ukikaribia, Fundi ananiambia, "Baba Aneti, hebu kachote maji."

Nachukua ndoo, naenda kisimani. Nikirudi, sufuria iko chini, moto umezimwa, na yeye anajifuta jasho. Kesho hivyo hivyo. Nikajaza maji mapema, mapipa yote yakafurika. Akasema kachote ya kunywa. Nikaleta ya kunywa. Akasema haya si ya kisima kile, nenda kile cha mbali. Mwaka na ushei, wanangu! Nilikijua kile kisima jiwe kwa jiwe. Nilijua chura wake. Watu wa kwetu wakinipigia simu kuuliza masomo yanaendaje, nilitamani kuwaambia nasomea kisima.

Nilidhani ananinyima kwa sababu ya duka. Nikamwambia Mama Aneti tufunge. Akasema fungua wewe halua yako kwanza, ndipo nifunge mimi dirisha langu. Nikadhani ni dini. Nikadhani nina mkono mbaya. Usiku nageuka kitandani nawaza: nikirudi na kila kitu isipokuwa kuipua, nimerudi na nini? Uji wa sukari? Niliumia kweli. Mtu mzima, baba wa mtoto, nakaa ukingoni mwa kisima nalia, ndoo ipo mapajani.

Ikafika Desemba. Ninyi mnaijua Desemba yetu. Mtu wa mlimani, awe Mwanza, awe Songea, awe wapi, Krismasi yuko nyumbani, mbuzi anachinjwa, Baba anagawa nyama, kila mtoto na fungu lake. Lakini Fundi alikuwa na harusi kubwa, na halua yake ilitakiwa ipikwe siku ya Krismasi yenyewe. Akaniambia, "Hii sufuria nataka uikoroge wewe tangu mwanzo." Moyo ukanilipuka. Nikajua leo ndiyo leo, leo atanionyesha. Nikampigia Baba simu.

"Baba, shikamoo. Mwaka huu sitakuja."

Baba akauliza, "Umefungwa?"

"Hapana, Baba."

"Umekufa?"

"Baba, si ninaongea na wewe?"

"Basi kama hujafungwa na hujafa, unakuja." Akakata.

Sikwenda. Siku ya Krismasi, asubuhi, niko uani kwa Fundi nakoroga, jasho linanitiririka, Mama Aneti akaja mbio kanga mkononi. "Baba yako yupo dukani!"

Nikasema, "Baba yupi?"

"Una wangapi?"

Alikuwa amekuja kweli. Amesafiri siku nzima ya mkesha na koti lake, na kofia ya sufu, na mkungu wa ndizi, na mguu wa mbuzi kwenye boksi, na dumu la mbege, pombe yetu ya ndizi. Mbege ile, kwa joto la pwani, ilikuwa imevimba mpaka dumu likawa duara. Mama Aneti, akijua tulipo na majirani zetu ni nani, alilificha haraka kati ya madumu ya mafuta ya taa. Kizibo kikaruka kikapiga dari. Wateja wote wakalala chini. Baba peke yake alibaki amesimama, akasema, "Imeiva."

Hakukubali kukaa wala kunywa maji. Akaja moja kwa moja uani, na mkononi ameshika jani la isale.

Ninyi wa siku hizi mnaona masale ni ua la mpakani tu. Zamani, na kwa wazee mpaka leo, mtu akikujia na jani la isale mkononi, amekuja na ombi au msamaha mzito, na wewe ukishalipokea lile jani huwezi kukataa. Hata kama alikuchomea nyumba. Baba alikuwa amelikata kwenye kihamba chake, akalifunga kwa gazeti lenye maji lisinyauke njiani.

Akampa Fundi Makame kwa mikono miwili. Fundi akalipokea, akasema ahsante, akaanza kupungia nzi.

Baba alifumba macho. Nikasema haraka, huku nakoroga, "Fundi, Fundi, hilo halipungiwi nzi! Kwetu ukiletewa hilo jani, mwenye nalo ana ombi, na huwezi kulikataa."

Fundi alishtuka, akalishusha, akalifuta na kanzu yake. Akanawa mikono, akaleta kiti, akamketisha Baba, akakaa mbele yake na jani mapajani. Watu wa pwani kwa adabu hawana mchezo. "Haya, baba yangu. Sema haja yako, nami nimeshaipokea."

Baba akakohoa. Kiswahili chake kilikuwa cha kukaza, anakitoa neno moja moja. "Mimi ndiye baba wa huyu. Amekaa kwako vya kutosha. Nimekuja mwenyewe, kwa miguu yangu, na jani. Nakuomba unimalizie naye leo."

Mwiko ukataka kuniponyoka. Mimi nilimjua Baba, nilijua maana yake: maliza shughuli zako na huyu kijana, umruhusu, nirudi naye nyumbani akale fungu lake la mbuzi. Nikaona kazi yangu yote inamwagika, sufuria ya kwanza niliyopewa tangu mwanzo, na jani limeshapokelewa.

Lakini Fundi Makame macho yalikuwa yamemjaa machozi. Akasema, "Alhamdulillahi! Neno hilo nimelingoja mwaka na zaidi."

Baba akanitazama. Nami nikamtazama Fundi.

"Huyu kijana wako," Fundi akaendelea, "alikuja na mke, na mtoto, na masanduku, na mitungi, na kuku wawili. Nikamuuliza umekuja na nani, akasema na familia. Nikangoja. Nikasema labda mzazi yuko nyuma. Baba yangu, kwetu mtu hapewi mkono wa mwisho mpaka akabidhiwe. Atiwe mikononi mwangu na mkubwa wake, aseme huyu ni wako, mfunze, mmalizie. La sivyo akiniharibia jina, nikamlalamike kwa nani? Kwa kuku?"

Nikapiga kelele, "Fundi! Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, Baba Aneti? Mtu mzima mwenye mke, nimwambie akamlete babake? Ningekuvunjia heshima." Akafikiri kidogo. "Nikaona bora uchote maji."

Aisee. Mwaka na ushei wa ndoo, kwa sababu ya heshima! Sikujua nicheke au nimrushie mwiko. Huku kwetu mtu angeniambia siku ya pili, tena kwa kunikaripia. Yeye alinionea haya, akanisubirisha kisimani kwa upendo kabisa.

Nikamwona Baba anafungua mdomo. Nilijua anataka kusema siyo hivyo, nilikuja kumchukua. Akalitazama lile jani mapajani mwa Fundi. Jani lake mwenyewe, la kwenye kihamba chake. Limepokelewa, na ombi limekubaliwa mbele ya watu. Akafunga mdomo. Akavua kofia ya sufu, na mimi nikajua Baba amefungwa na kamba aliyokuja nayo.

Fundi akasimama, akakunja mikono ya kanzu. "Leo hakuna maji," akasema.

Tulikoroga. Bega lilipokufa ganzi, Baba alinyanyuka bila kuombwa, na koti lake vilevile, akashika mwiko. Alikoroga kama anavyokoroga mbege, kwa mapana, kwa nguvu za miaka yake yote. "Taratibu, baba yangu, unaibembeleza!" Fundi akapaza sauti. Baba akajibu, "Nimebembeleza ng'ombe wakorofi kuliko hii." Lakini akapunguza. Jasho lilimtoka mpaka, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikamwona akivua lile koti. Alilikunja vizuri akampa Aneti alishike.

Halafu Fundi akaniita karibu, akaniinamisha. "Usiangalie. Sikiliza." Na ndiyo hii, vijana, nawapa bure. Halua ikiwa mbichi inapumua kwa nguvu, mapovu yanapasuka plop, plop. Ikikaribia, sauti inashuka, inakuwa ya kunong'ona. Inaanza kutoa samli yake pembeni, inauachia ukingo wa sufuria yenyewe bila kukwanguliwa, inafuata mwiko kama ndama anavyomfuata mama yake. Na kuna pumzi moja ambapo inanyamaza. Hapo. Ndiyo maana namwambia Aneti dakika za mwisho azime mota ashike mwiko, maana mota ina kelele, huwezi kuisikia halua.

Fundi akarudi nyuma, akaweka mikono mgongoni. "Sema wewe mwenyewe."

Uani palikuwa na wenye harusi, Bi Riziki, mke wangu, mtoto wangu. Nikikosea, ni harusi ya watu imeharibika na jina la Fundi limekwenda. Nikafumba macho. Plop. Plop. Ikanong'ona. Nikangoja. Mama Aneti anasema nilingoja mpaka akaanza salamu Maria. Ikanyamaza.

"Ipua!"

Sufuria ile hubebwa na watu wawili. Kabla sijajua nani na nani, Fundi Makame alishika sikio moja kwa matambara, na Baba akashika lingine, wazee wawili wanaohema, wakaitua mchangani. Tulikaa tukingoja ipoe, na kungoja kule kulikuwa kurefu kuliko njia ya kile kisima cha mbali.

Fundi akachukua kisu, akakata. Ikakatika, ikatikisika, ikasimama. Alipoinua uso alikuwa anacheka bila sauti. Kipande cha kwanza hakukila yeye wala hakunipa mimi. Alikiweka kwenye kisosi, akamsogezea Baba kwa mikono miwili.

Baba alikula polepole. Alitafuna kitu kisichohitaji kutafunwa, akatafuna tena. Sisi wote tunamtazama mdomo. Akameza, akajifuta vidole kimoja kimoja, akanitazama mimi, akaniambia kwa Kichagga, sauti ya chini, ili niisikie mimi peke yangu:

"Nilikuja kukuchukua. Kumbe nilikuja kukuleta."

Kisha akamnyooshea Fundi kisosi aongezewe.